Bei ya Kiti

Wanaofanya kazi za mtandaoni wakikutana, swali haliishi: ni mkahawa gani mzuri wa kukaa na laptopu? Nairobi jibu hutoka haraka. Mtu atakutajia mahali penye waifai ya kasi, soketi chini ya kila meza na viti visivyoumiza mgongo, kisha atakuonya kuhusu bei ya kahawa. Mimi kazi hii nimeifanyia Manga, Kaunti ya Nyamira, na siku nyingine Kisii mjini, na huku vigezo hivyo havimfikishi mtu mbali. Nimeona mkahawa wenye waifai nzuri usiofaa kwa kazi hata kidogo, na hoteli ya mabati isiyo na waifai iliyonilisha mimi na watu wangu. Kilichozitofautisha ni mapatano kati ya mwenye meza na anayeikalia.

Kazi yangu ni kunukuu sauti. Mteja wa Marekani au Uingereza hutuma rekodi ya mkutano, mahojiano au mhadhara, nami nasikiliza na kuandika kila neno. Malipo huhesabiwa kwa dakika za sauti, wala si kwa muda ulioketi. Saa moja ya sauti hula takriban saa nne za kuandika, na zaidi ikiwa wasemaji wanakatizana. Kazi za namna hii zilipata njia ya kuingia Kenya kwa wingi baada ya nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009. Kabla ya hapo intaneti yetu ilitegemea setilaiti, na bei yake ilikuwa ya mashirika. Mwaka 2016 serikali ilianzisha mpango wa Ajira wa kuwafunza vijana kazi za mtandaoni, na Aprili 2018 ikawezekana kuhamisha pesa kutoka PayPal hadi M-Pesa. Tangu hapo kijana wa Nyamira aliweza kufanya kazi ya Chicago na kutoa malipo yake kwa wakala aliye kando ya duka la mbolea.

Kilichokosekana ni mahali pa kuketi.

Watu wa mjini huuliza kwa nini mtu asifanyie kazi nyumbani. Wenye kuuliza hivyo hawajaishi Gusii, eneo la kaunti za Kisii na Nyamira. Hii ni miongoni mwa sehemu za mashambani zenye watu wengi zaidi nchini. Mashamba yamegawanywa na kugawanywa tena hadi boma moja linasikia redio ya boma la pili. Isitoshe, mtu anayeonekana nyumbani mchana huhesabiwa hana shughuli. Ng'ombe amekata kamba, wewe ndiye uliye karibu. Mgeni amefika, mkaribishe. Majani chai yanatakiwa kituoni kabla lori la kiwanda halijapita, na wewe si umekaa tu hapo? Baba yangu hakunionea. Alikulia katika nchi ambamo kazi ilikuwa jembe, chaki au ofisi, na mtu aliyevaa visikizi akitazama kioo hakuwa katika orodha hiyo. Nilipoanza kuondoka asubuhi na begi mgongoni, hata kama nilikuwa naenda sokoni tu, nyumba nzima ilianza kusema, "Ameenda kazini." Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya mkahawa, na haihusiani na intaneti: unawaonyesha watu kwamba una kazi.

Hoteli niliyoizoea iko karibu na soko. Ina meza chache, jiko la kuni nyuma, na ubao wa kuandikia vyakula: chai, mandazi, chapati, madondo, ndizi za kuchemsha, ugali kwa nyama au kwa mboga. Mama mwenye hoteli ni mtu mzima wa umri wa mama yangu. Asubuhi ya kwanza niliagiza chai, nikatafuta soketi kwa macho, nikamwomba ruhusa ya kuchaji. Akakubali. Nilipoendelea kukaa alikuja akasimama mbele ya meza.

"Omomura," akaniita, yaani kijana, "hiyo kazi yako huisha saa ngapi?"

"Mama, inaweza kwenda hadi jioni."

"Stima sitakulipisha. Lakini ikifika saa sita unipe meza yangu. Saa nane na nusu urudi, utaikuta."

Sikuelewa mara moja kwa nini stima aliitoa bure na meza akaishikilia. Nilielewa nilipopiga hesabu. Chaja ya laptopu ya kawaida ni ya wati 65 hivi. Ukiitumia kwa nguvu zake zote kwa saa tano, umekula theluthi moja ya yuniti ya stima, na kwa bei ya majumbani ya karibu shilingi thelathini kwa yuniti, hiyo ni shilingi kumi. Andazi moja linaifidia. Meza ya watu wanne saa ya chakula cha mchana ni hesabu nyingine. Walimu, makarani wa ofisi za kaunti ndogo na waendesha bodaboda hula kwa muda mfupi kisha huondoka. Meza hiyo ikikaliwa na watu wanne, mara mbili, ni sahani nane. Mimi nikiwa nimeketi na kikombe kimoja kilichopoa, sahani hizo zinaenda kwa jirani. Mama huyo hakuwahi kuniandikia sheria yoyote ukutani, ila alijua bei ya kiti chake kwa kila saa ya siku.

Hilo ndilo somo ambalo ningetaka kila anayeanza kazi hizi alishike mapema. Kiti cha hoteli hakina bei moja. Saa tatu asubuhi, baada ya umati wa chai kupungua, ni cha bei ya chini; kukaa kwako kunafanya hoteli ionekane ina watu. Saa saba mchana ni ghali kuliko chochote utakachoagiza. Saa tisa kinashuka tena. Anayelipia kikombe kimoja na kukaa siku nzima hajalipa, hata kama kikombe hicho ni cha bei ya Nairobi. Anayeondoka saa ya chakula amelipa zaidi ya nusu ya deni lake bila kutoa senti.

Waifai haikuwepo, na haikunipunguzia kitu. Watu huitukuza kuliko kazi nyingi zinavyoihitaji. Saa moja ya sauti katika faili ya mp3 ya kawaida haifiki megabaiti 60; waraka ulioandikwa ukirudishwa ni mdogo kuliko picha moja ya simu. Bando la simu linatosha, na usikivu wa mtandao juu ya ukingo wa Manga, mahali panapouangalia mji wa Kisii kutoka juu, si mbaya. Mkutano wa video ni jambo jingine: saa moja inaweza kula nusu giga hadi zaidi ya giga nzima, na hapo mtu wa bando huumia. Kwa hiyo kabla ya kuuliza mkahawa gani una waifai, jiulize kazi yako inabeba nini: maandishi, sauti, picha au video. Wengi wetu tunalipia kasi tusiyoitumia.

Jambo ambalo hakuna mwongozo wa Nairobi ungenionya nalo ni mvua. Nyanda za juu za Gusii hupokea zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa huja alasiri, wakati hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Viktoria inapopanda milimani na kugeuka mawingu. Huja na radi, na mara nyingine mvua ya mawe. Mvua ikipiga mabati, mtu anayenukuu sauti amefungiwa kazi. Hata visikizi vikubwa havimwokoi. Radi ikianza, mama huzima swichi kuu, na aghalabu stima hupotea yenyewe kabla hajaifikia. Niligawa siku yangu kwa kufuata mawingu: kusikiliza asubuhi, kusahihisha na kupanga aya alasiri, kwa nguvu ya betri. Ofisi ya mjini hukuficha hali ya hewa. Hoteli ya mabati hukufundisha kuipangia kazi.

Kisha kulikuwa na watu. Mtu mwenye kompyuta katika hoteli ya kijijini haachwi peke yake. Siku za mwanzo walinitazama kwa shaka, maana nchini Kenya kijana mwenye laptopu na pesa isiyoeleweka hudhaniwa mtapeli. Mama ndiye aliyenitetea: "Huyu nimemwona anavyoandika. Mikono yake haipumziki." Baada ya hapo wakaanza kuja na shida. Mzee anataka PIN ya kodi kutoka KRA. Msichana aliyemaliza kidato cha nne anataka kuchagua kozi kwenye mtandao wa KUCCPS na kuomba mkopo wa HELB. Mwenye bodaboda anataka leseni kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Tangu Oktoba 2024, familia nzima nzima zilihitaji kusajiliwa katika bima mpya ya afya ya jamii, SHA. Saiba ya karibu, duka la huduma za kompyuta, ilikuwa na foleni. Mimi nilikuwa na meza.

Ningeweza kuwatoza, na mwenye saiba angenielewa vibaya, tena kwa haki. Tukapatana kwa njia nyingine. Mambo ya kuchapisha na kuskani niliwapeleka kwake. Maswali madogo nilijibu, baada ya saa zangu za kusikiliza, na aliyekuja kuuliza aliagiza chai akisubiri. Hapo ndipo nilipoona kwamba kodi ya kiti inaweza kulipwa kwa wateja. Ni mapatano ya kale kuliko intaneti. Katika miaka ya 1680 huko London, Edward Lloyd alikuwa na nyumba ya kahawa iliyokaliwa na manahodha, wenye meli na wafanyabiashara. Yeye aliwapa meza na habari za bandarini, wao wakamletea watu, na biashara ya bima iliyozaliwa kwenye meza hizo inaitwa Lloyd's mpaka leo. Mwenye nyumba na wakaaji wake walinufaika pamoja. Bila hivyo angewafukuza mapema.

Kisii mjini mambo hubadilika. Mji una chuo kikuu, hospitali ya rufaa, benki, na mikahawa ya kisasa yenye vioo na mashine za kahawa. Mashine hizo zina kejeli yake, kwani wakoloni waliwazuia Waafrika wa Kenya kulima kahawa hadi miaka ya 1930, na Kisii ilikuwa pamoja na Meru miongoni mwa sehemu za kwanza kuruhusiwa. Wakulima wengi wa kahawa yetu hawajawahi kunywa kikombe cha bei inayoandikwa kwenye menyu hizo. Mimi hunywa, kwa hesabu: kahawa ya mjini ni kodi ya kiti, na ni lazima kazi ya siku hiyo iweze kuibeba pamoja na nauli ya matatu ya kwenda na kurudi.

Sitaji majina ya mikahawa. Wenyewe hubadilika, mabango hubadilika, na sifa ya mwaka jana humpotosha msomaji wa mwaka huu. Nitasema nilichojifunza kukiangalia. Kwanza, masikio. Mkahawa wenye televisheni mbili na spika mlangoni haufai hata kama soketi ni tele. Pili, barabara. Jumatatu na Alhamisi, siku kuu za soko la Daraja Mbili, mji hufurika na makondakta huita tangu alfajiri. Siku hizo ghorofa ya pili upande wa nyuma ni bora kuliko meza nzuri ya dirishani. Tatu, soketi zenyewe. Katika mkahawa mmoja mjini walizifunga kwa utepe wa gundi, na mhudumu akaja kila baada ya muda mfupi kuuliza kama nitaongeza kitu. Hakuna aliyenieleza ni kiasi gani kingetosha. Mahali pale pangeandika tu "laptopu hadi saa sita" na sote tungeishi kwa amani. Nne, mgongo wako. Kaa ukiuegemeza ukutani. Sauti ninazoandika ni za watu wanaozungumza magonjwa, talaka na mishahara, na tangu mwaka 2019 Kenya ina sheria ya kulinda data za watu. Hata isingekuwepo, aliyekukabidhi sauti yake hakukubali isomwe na meza ya nyuma. Rekodi za namna hiyo siku hizi sizifungui mkahawani kabisa. Huzipeleka maktaba ya Kisii, mahali ambapo hakuna anayeniuzia kitu na kila mtu ameinamia lake.

Saa za dunia ndizo zilizonisumbua kuliko vyote. Mteja akisema "Ijumaa saa kumi na moja jioni" huko New York, kwetu ni saa sita usiku wa kuamkia Jumamosi, au saa saba usiku majira yao ya baridi yanapofika. Gusii ina Waadventista Wasabato wengi. Misheni yao ya Nyanchwa ilikuwepo kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mama mwenye hoteli ni mmoja wao: Ijumaa jua likizama Sabato huanza, hoteli hufungwa, na haifunguliwi mpaka Jumamosi jioni. Kwa hiyo wiki ya mteja ilikuwa na mwisho wake, na wiki ya meza yangu mwisho mwingine. Nilijifunza kuhesabu Ijumaa kama siku fupi: kumaliza kusikiliza kabla ya chakula cha mchana, na kujaza betri zote, ya laptopu na ya simu, kabla mama hajafunga mlango.

Desturi hiyo ilinilipa tarehe 25 Agosti 2023. Ilikuwa Ijumaa. Usiku ule, kabla ya saa nne, stima ilipotea karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia giza. Watu niliowafahamu Nairobi, wenye vifurushi vya intaneti ya nyumbani na meza za mbao nzuri, walibaki kuwaandikia wateja maelezo. Mimi nilimaliza aya za mwisho kwa betri iliyojazwa hotelini na kutuma kwa bando la simu, mnara ukiwa bado hewani. Mei 2024 ilikuja na funzo jingine: nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikasuasua. Wiki hiyo mkahawa wa vioo na hoteli ya mabati zililingana.

Mwezi Machi wa mwaka huohuo, 2024, jukwaa la Remotasks lilifunga shughuli zake Kenya kwa barua pepe. Vijana waliokuwa wakiweka alama kwenye picha za magari na barabara, ili mashine zijifunze kuona, waliamka akaunti hazifunguki. Kisii kulikuwa na meza ya vijana wa namna hiyo, niliokuwa nikikaa karibu nao siku nikiwa mjini. Waliofanya kazi pamoja pale waliipata habari asubuhi ileile, na kabla ya jioni mmoja alikuwa amewaonyesha wenzake jukwaa la kunukuu sauti na mwingine akataja mtu anayetafuta wa kuingiza data. Kijana mmoja wa mtaa wa pili, aliyekuwa akifanya kazi chumbani peke yake, alikaa wiki kadhaa akidhani kosa ni lake. Mwanasosholojia Ray Oldenburg, katika kitabu alichochapisha mwaka 1989, alizisifu sehemu za tatu, zisizo nyumba wala ofisi, ambako watu hukutana bila cheo. Kwetu sisi tusio na ofisi, sehemu hiyo hubeba mzigo zaidi: ndiyo ubao wa matangazo, ndiyo chama cha wafanyakazi, ndiyo mwenzako anayekuambia bei hiyo ni ya dhuluma, ikatae.

Kwa hiyo ukiniuliza mkahawa mzuri ni upi, nitakujibu hivi. Ni ule ambao unazijua saa zake kama unavyozijua za mteja wako. Ambao kazi yako ya siku inaweza kuulipa bila kukopa. Ambao mwenyewe akikuona mlangoni anajua utaondoka lini. Waifai na soketi ni nyongeza. Waheshimiwa wa Kaunti za Kisii na Nyamira wanaweza kusaidia kwa jambo dogo kuliko majengo mapya: kumbi za maktaba na za umma zilizopo ziachwe wazi hadi usiku, zenye taa za sola, kwa kuwa wateja wetu huamka sisi tukifunga.

Nawe kijana unayeanza, usiingie hotelini ukatafuta soketi kwanza. Msalimie mwenye hoteli, mweleze kazi yako, na umuulize anaihitaji meza saa ngapi. Ikifika saa hiyo, ondoka hata kama sentensi haijaisha.